Misumari Niliyoilegeza

Juzi asubuhi mwanamume mmoja alikuja kibandani kwangu hapa Majengo akaomba viberiti viwili na kopo dogo la gundi ya mbao. Nikamuuliza kama stima imepotea tena kwake. Akacheka. "Hapana, mama. Niko na meza ya pool kwa nyumba, mifuko imelegea. Njiti ndizo zinaziba mashimo ya misumari." Nikamfungulia kifuniko cha gundi aone kwamba haijakauka, na ile harufu ikatoka, harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha na mbao iliyokatwa leo. Sikuweza hata kumrudishia chenji yake sawasawa. Alipoenda nilikaa juu ya kreti ya soda, na mteja aliyefuata aliniita mara tatu.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nane. Huwa naandika kwa daftari hili mambo ya kibanda na ya moyo, yakichanganyika. Haya ninayotaka kuandika sijui kama yote niliyaona, au mengine niliambiwa nikayashika kama yangu. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake. Naandika kwa wale wa rika langu waliolelewa na baba aliyeshikwa na pombe, na najua tuko wengi, kutoka Mukurweini mpaka Kangema.

Kwetu kulikuwa juu kidogo ya soko la Gakindu, nyumba ya mbao na mabati katikati ya kahawa. Baba alikuwa mtu wa kufungua, kufagia na kufunga baa moja ya pale senta. Mwenye baa alipohamia Nanyuki aliacha meza ya pool, maana haikuingia kwa lori, akamwambia baba, chukua. Watu walifikiri baba ataiuza. Mama ndiye aliyesema iletwe nyumbani. Alitoa viti vya sofa alivyopewa siku ya harusi, akaviweka chini ya ghala ambako kuku walivipokea kwa furaha, na meza ikajaza sebule yote. Ili kwenda chumbani ulipita kando kando, mgongo ukiwa ukutani.

Wanawake wa kanisa walikuja kuona. Mmoja akauliza, "Kwani umefungua baa, Mama Nyaguthii?"

"Nimefungua jela," mama akasema. "Lakini mfungwa nimempatia kitu ya kucheza."

Walicheka mpaka wakashikana. Mama pia alicheka, lakini mimi nilikuwa nimemsindikiza kwa daktari wiki ile, nikasikia kile ambacho wao hawakusikia. Daktari alimwambia kwamba ini la baba limechoka, na akirudia ile pombe ya kwa mto, hatauona mwisho wa msimu wa kahawa. Mama aliuliza, "Hata kidogo?" Daktari akasema, "Hata ya kuonja." Kwa hiyo meza haikuwa mchezo. Baba alipenda pool kuliko kitu chochote isipokuwa chang'aa, na mama alitaka kile cha kwanza kimshikilie asikifikie cha pili.

Lazima nieleze jina langu, la sivyo mtu wa mbali hataelewa. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hapewi jina tu. Watu wanamchukulia kama yule bibi amerudi. Cucu Nyaguthii, bibi yangu huyo, alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilipofika nilipokelewa kama mtu aliyekuwa safarini. Baba hakuwahi kulitamka jina langu, maana ni nani huita mama yake kwa jina? Aliniita Maitu, yaani mama. Mama naye nikikataa kula alikuwa akisema, "Leo mama mkwe wangu ameamka vibaya, sijui nimemkosea nini." Kwa wakubwa ilikuwa heshima na utani pamoja. Mimi niliishika yote kama ilivyo. Nilikuwa na miaka kumi na niliamini kabisa kwamba mimi ni mama ya baba yangu, na kwamba siku moja, kukiwa na haja, atanitii.

Miezi ya kwanza ya meza ilikuwa mizuri. Marafiki wa baba walikuja, mama akawapikia chai, mipira ikagongana mchana kutwa. Lakini meza ilikuwa imebebwa kwa pickup juu ya barabara ya murram, na njia ile ilikuwa imeitikisa mpaka ndani. Misumari iliyoshika ngozi ya mifuko ilianza kulegea. Nyavu zilikuwa zimeoza. Mpira ukiingia mfukoni ulipita moja kwa moja, ukagonga sakafu, ko!, ukaviringika mpaka chini ya kitanda cha mama na baba, na mimi nikatumwa kuutafuta kati ya viatu. Mchezo ukawa wa kusubiri mtoto atoke chini ya kitanda.

Muriuki, rafiki mkubwa wa baba, mtu wa mdomo, siku moja aliweka fimbo chini akasema, "Ndirangu, hii meza ni kama wewe. Inameza na haiwezi kushika."

Wote walicheka. Baba pia alicheka, halafu akavaa koti lake. Waliondoka pamoja. Mama alimpata kesho yake ndani ya mtaro wa kahawa, midomo imebadilika rangi, na ikabidi aitwe mtu wa mkokoteni. Kwa muda mrefu nilimlaumu Muriuki kwa neno lile. Siku hizi nafikiri alisema tu kile alichokiona. Kama neno moja la utani linaweza kumtoa mtu nyumbani, basi mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Baba alipopata nguvu ya kukaa, mama aliweka mbele yake kopo la gundi, viberiti na nyundo. Akasema, "Baba Nyaguthii, rekebisha mifuko. Nyavu nitasuka mimi." Asubuhi aliyokuwa anaenda kuchuma kahawa alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Wewe ndiye mama yake. Usimwache atoke." Labda alisema hivyo kama mtu anavyomwambia mtoto achunge uji usimwagike. Mimi niliipokea kama amri ya serikali.

Ilikuwa likizo. Nilijifunza kazi ile mpaka leo naweza kuifanya. Unang'oa msumari mlegevu kwa plaisi. Unasafisha shimo kwa sindano ya kusukia kiondo, mpaka unga wote wa mbao utoke. Unakata kichwa cha njiti ya kiberiti, maana kichwa hakinywi gundi. Unachovya njiti, unaisukuma ndani ya shimo, ya pili, na ya tatu kama inaingia, unazivunja zinapofikia usawa. Halafu unaacha mpaka kesho. "Gundi haina haraka ya mtu," baba alikuwa akisema. Kesho yake unasawazisha kwa wembe, unarudisha ngozi, unagonga msumari pale pale. Sasa umepata nyama mpya ya kushika.

Mikono ya baba ilikuwa ikitetemeka asubuhi. Ilitetemeka hivi kwamba njiti ilichora gundi kwenye kitambaa cha kijani, kwenye suruali, kila mahali isipokuwa shimoni. Nilifikiri anasikia baridi. Gakindu asubuhi kuna baridi kweli, na mlima ukifunguka mawingu ndiyo mbaya zaidi. Nikamletea sweta yangu ya shule, nikaifunga juu ya mikono yake miwili kama unavyofunga mtoto. Aliiangalia kwa muda. "Asante, Maitu," akasema, "nasikia joto sasa." Bado ilitetemeka. Nikaongeza kuni. Nilichemsha chai mara tatu asubuhi hiyo, na kila mara alikunywa akaniambia joto limeingia, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

Tukagawana kazi. Yeye alielekeza, mimi nikachovya na kusukuma. Nikashika msumari, yeye akagonga, na akanigonga kidole mara mbili. Sikulia, kwa sababu niliona vile uso wake ulivyobadilika. Baada ya hapo yeye akashika msumari, mimi nikagonga. "Gonga, Maitu. Kidole yangu haina kazi ingine," akasema.

Jioni mama alisuka nyavu, kwa kamba ya katani na nyuzi za masweta yaliyochakaa, kwa hiyo kila mfuko ulikuwa na rangi yake. Alianza wa kwanza kama kiondo, kutoka kitako, akaukaza vile mikono yake ilivyozoea. Kiondo chake kilikuwa hakipitishi hata mtama. Baba alipoutundika akarusha mpira, mpira ukaingia nusu ukakwama hapo, umetoa kichwa nje.

"Mama Nyaguthii," baba akasema, "huyu mtoto amekataa kuzaliwa."

"Vuta basi, wewe ndiye daktari."

"Nikivuta nitavunja shingo."

Mama alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisu chake cha kukatia kamba bado mkononi. Aliukata mfuko ule, akaanza upya na matundu makubwa. Naikumbuka jioni hiyo kuliko Krismasi zote nilizoziona.

Mfuko mmoja ulichukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Na katika siku hizo baba hakutoka. Alienda mpaka choo na ghala akarudi, akanusa gundi, akaigusa kwa kidole kuona kama imeshika. Muriuki alipiga mluzi kwa njia na baba akamjibu kwa mdomo, "Niko kazi!" Nilimwona mama akisimama na karai la maji kichwani, hasogei, akisikiliza neno hilo.

Hapo ndipo niligundua kitu, na niliona ni mimi tu niliyegundua. Kucheza hakukumshika. Wakati wa kucheza kulikuwa na marafiki, na marafiki walikuwa na kiu. Kilichomshika ni kurekebisha. Mifuko ilikuwa sita na tulikuwa tumemaliza minne. Nikahesabu siku zilizobaki kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vikatosha.

Kwa hiyo nikaanza kulegeza.

Nilifanya hivyo akiwa ghalani au amelala mchana. Nilichukua kisu cha mama cha kukatia kamba, nikakiingiza chini ya ngozi, nikasukuma kichwa cha msumari juu kidogo kidogo, msumari mmoja hapa, mmoja kule. Kesho yake baba alipita akibonyeza kila mfuko kwa kidole gumba, akasimama. "Hii imelegea tena, Maitu."

"Labda ni gundi mbaya," nikasema.

"Labda." Akashika plaisi, tukaanza upya.

Siku zikaongezeka. Mikono yake ikaanza kutulia, akaweza kuchovya njiti mwenyewe. Akala ugali akaomba tena. Mama alianza kuimba jikoni, akitafuta sauti ya pili peke yake. Na mimi nilizunguka na siri yangu kama mtu aliyemeza shilingi. Nilijua ni uongo, na kanisani tulifundishwa uongo unaenda wapi. Niliamua kwamba nitaenda huko baadaye.

Mfuko wa sita ulikuwa wa kona ya dirisha, pale mvua ilipokuwa ikiingia. Tuliumaliza siku ya Alhamisi. Baba aliutundikia wavu mwekundu, akarudi nyuma akaangalia meza yote, akasema, "Sasa tuite watu Jumamosi." Alisema kwa furaha. Mimi niliposikia tuite watu, niliangalia kisu cha mama kilipokuwa.

Ijumaa asubuhi, mama akiwa kahawani, baba akiwa anakamua mbuzi, niliingiza kisu chini ya ngozi ya kona ile. Msumari ulikataa. Njiti zilikuwa zimeshika vizuri sana, na mimi ndiye niliyezisukuma. Nikaegemea kisu kwa uzito wangu wote, na nikasikia mlio kama wa mfupa wa kuku. Ukingo wa meza ulikuwa umepasuka, kutoka kwenye msumari mpaka kwenye kona, ufa wa kuingiza ukucha. Mbao ilikuwa imeoza ndani kwa mvua bila sisi kujua.

Baba aliingia na maziwa. Alipitisha kidole kwenye ufa, akarudia. Aliinama akaangalia kwa karibu, halafu akaniangalia mimi, halafu akaangalia dirisha.

"Hii haitaki njiti," akasema. "Hii inataka mbao." Akachukua koti.

Nililijua lile koti. Nikakimbia nikasimama mlangoni, mikono huku na huku.

"Unaenda wapi?"

"Kwa fundi hapo senta, Maitu. Nataka kipande ya mti ngumu, niikate niiweke hapo kwa kona."

"Ngoja mama arudi."

"Mama yako atarudi na jua. Watu wanakuja kesho."

"Basi twende sote."

"Na maharagwe iko kwa moto nani ataangalia?"

Kila jibu lake lilikuwa sawa. Ndiyo sababu niliogopa. Ningejua la kufanya kama angenidanganya vibaya.

"Mimi ni mama yako," nikasema. "Nimekataa."

Alitabasamu, lakini si sana. "Maitu, usinicheleweshe." Akanishika kwapani akaniinua, kama unavyomwondoa kuku aliyelalia mayai, akaniweka kando, akapita.

Sasa, kijijini kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyetembea na kiatu kimoja mwaka mzima. Mama alinionyesha siku fulani akasema, yule alimjibu mama yake vibaya, akapigwa kirumi. Kirumi ni neno la mzazi mwenye uchungu. Likitoka limetoka, na hakuna anayeweza kulirudisha ila yeye mwenyewe, akiwa hai, kwa kujitemea mate kifuani na kutamka kwamba amesamehe. Nilijua hivyo kama nilivyojua jedwali la mbili. Na nilikuwa na uchungu kuliko nilivyowahi kuwa.

Nilipaza sauti nyuma yake: "Mimi mama yako nimesema! Ukitoka hapa hiyo meza hutaicheza tena. Hutaicheza mpaka ufe!"

Alisimama kati ya mistari ya kahawa. Sikuuona uso wake, niliona kisogo na ukosi wa koti. Kama alitaka kugeuka, sijui. Akashika njia.

Maharagwe yaliiva. Mama alirudi, akaangalia msumari wa koti ukutani, mtupu. Alivua viatu akavaa tena, akatoka kumtafuta. Alirudi peke yake.

Alfajiri, wakati wa kupeleka maziwa, Muriuki ndiye aliyemleta, amembeba mgongoni, yule yule wa mdomo, na alikuwa akilia kama mtoto. Alisema walikuwa watano kwa mto, na wawili hawajaamka. Lazima niandike pia kwamba mwanamke aliyewauzia pombe alikuwa na watoto niliosoma nao, na kwamba yeye aliinunua ikiwa watu wa mbali wameshaitia kemikali. Labda hakujua. Wengine kijijini walisema alijua. Mimi sikuwa pale.

Walimlaza baba juu ya meza, maana ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Mama alifungua dirisha ili apate hewa. Jua lilikuwa limetoka, lilimwangukia usoni kabisa.

"Mbona mmefunga?" baba akasema. "Fungueni dirisha nione."

Mama alinyanyua mkono akaupitisha mbele ya macho yake, polepole. Halafu akaupitisha tena. Nilikuwa nimeshika kona ya meza, na nilielewa kabla yake, kwa sababu mimi nilikuwa najua ni nani aliyefanya.

Walipomvua koti kwenda hospitali, kitu kizito kilianguka kutoka mfukoni. Kilikuwa kipande cha mti mgumu, kimekatwa kwa msumeno, kimepigwa randa, kimepimwa sawa na kona ile. Alikuwa ameenda kwa fundi kwanza. Nimekaa na kipande hicho akilini miaka yote. Alisema anaenda kwa fundi na alienda kwa fundi. Njia ya kurudi ndiyo ilimshinda. Na asingekuwa na haja ya njia hiyo kama mimi nisingeupasua ukingo.

Alikaa hospitali wiki tatu. Ini likavumilia, lakini macho hayakurudi. Mimi niliacha kula, si kwa makusudi, chakula kilikataa kushuka. Shuleni mwalimu aliniuliza nina nini, nikasema ni minyoo. Usingeweza kumwambia mwalimu kwamba umemlaani mtoto wako. Nilijaribu kurudisha neno peke yangu, nyuma ya choo, nikajitemea mate kifuani mpaka sare ikalowa. Lakini yeye hakuwa ananisikia, na nilifikiri lazima asikie.

Aliporudi, mama alimwekea kigoda nje ukutani, penye jua, na ungo wa maharagwe achambue kwa kugusa. Nilimzunguka siku nne. Siku ya tano nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Nani? Maitu?"

"Ni mimi. Nimekuja kurudisha maneno." Nikajitemea mate kifuani.

"Nasikia unatema. Unatema nini?"

"Nimesamehe. Nimerudisha. Ucheze meza."

Vidole vyake viliacha maharagwe. Kuku walikuwa wakikwaruza chini ya viti vya sofa. Nikamwambia yote, la mlangoni na la misumari, kisu cha mama, na vile ukingo ulipasuka.

"Ya misumari nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Panya haitumii kisu. Alama nilikuwa naziona." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Mimi pia nilikuwa nagonga polepole. Siku ingine nilikuwa naacha msumari moja nusu, makusudi, nipate kazi ya kesho. Tulikuwa wawili, na kila mtu akifikiri ni peke yake."

Nikasema, "Na kirumi?"

Alisimama, akishika ukuta. "Simama karibu na mimi. Hapana, karibu kabisa." Mkono wake ulitafuta kichwa changu, ukakipata, ukapima mpaka kwenye mwili wake. "Mama yangu alikuwa anainama kuingia hii mlango. Wewe umefika wapi? Umenifika kwa mbavu. Mtu wa kufika kwa mbavu hawezi kulaani mtu."

"Lakini mimi ndiye Nyaguthii."

"Kanisani ulibatizwa nani?"

Jina hilo walilitumia walimu tu, lilikuwa kwa cheti na kwa daftari. Halikuwa limetoka kwa mtu yeyote aliyetangulia. "Esta," nikasema.

"Basi Esta, niletee maji ya kunywa."

Nikaleta. Hakuniita Maitu tena, siku ile wala miaka yote aliyoishi baadaye, na aliishi mingi kuliko daktari alivyosema, bila kuonja tena. Mama alisema alifanya hivyo kunitua mzigo, na naamini. Lakini kuna siku nafikiri aliniogopa, kwamba alinitoa kwenye lile jina ili nisiwe na nguvu juu yake tena. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hakuna wa kuuliza, kwa hiyo naandika yote mawili. Nilichokiona mwenyewe ni kwamba alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa akamaliza, akasema, "Asante, Esta." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia vile mama hulia akifiwa na mtoto.